SOMO: Kuilinda amplifaya ya lampu katika redio ya jamii



Somo la toleo hili ni la mafundi, lakini tunaziomba kamati za redio za jamii nazo zilisome, kwa sababu sehemu yake moja haiwezi kuamuliwa na fundi peke yake. Tunazungumzia zile amplifaya za lampu ambazo mafundi wetu huzitengeneza kwa mikono, zinazopokea wati 10 kutoka emeteri ndogo ya FM na kuzikuza hadi wati 250 hivi. Siku hizi amplifaya mpya nyingi ni za transista. Kama redio yenu ina fedha za kununua ya namna hiyo, inunueni, kwa sababu ni salama zaidi kwa anayeifungua. Lakini za lampu bado zipo, zinavumilia mengi, na fundi mwenye subira anaweza kuitengeneza akiwa mbali na miji mikubwa. Shida ni kwamba nyingi zimejengwa zikarusha sauti, watu wakafurahi, kisha kazi ikaishia hapo. Mzunguko wa kuzilinda ukaachwa kwa siku nyingine.

Mtu anaweza kuuliza: jambo hili linaingiaje katika gazeti la amani? Anayeishi katika sehemu zetu anajua kinachofuata redio inaponyamaza ghafla saa ya habari. Wa kwanza anasema mnara umekatwa. Wa pili anasema watu wenye silaha wameingia. Wa tatu anasema redio imefungwa kwa sababu ya yale yaliyosemwa jana juu ya mashamba. Kabla ya giza kuna familia zimeshafunga mizigo, kumbe ni feni tu iliyosimama. Tangu Radio Okapi ianze mwaka 2002, wananchi wamezoea kupata habari za nchi nzima. Lakini habari ya soko la kesho, ya barabara, ya kikao cha wapatanishi, kwa Mashi, Kifuliru, Kilega au Kinande, hutoka katika redio ya karibu. Hiyo ndiyo inayokata uvumi.

Kwa hiyo mzunguko wa ulinzi tunautaka ufanye kazi tatu: usimwache fundi auawe, usiache lampu iungue, na ukizima mtambo useme kwa nini. Hiyo ya tatu wengi huisahau.

Lampu tunayoichukua kama mfano

Tuichukue 4CX250B, kwa kuwa inajulikana na nyingi zilizotumika bado zinazunguka mikononi mwa mafundi. Ni lampu yenye gridi mbili. Filamenti yake hutaka volti 6.0 na ampia 2.6, na isitoke nje ya volti 5.7 hadi 6.3. Anodi isizidi volti 2,000 wala miliampia 250. Joto ambalo anodi inaweza kulitupa ni wati 250, na hata hizo ni kwa masharti kwamba hewa inasukumwa kupita kwenye mapezi yake muda wote. Gridi ya pili, wengine huiita skrini, inavumilia wati 12 tu. Gridi ya kwanza inavumilia wati 2.

Tuiendeshe kwa adabu: volti 1,800 kwenye anodi na miliampia 220. Hizo ni wati 396 zinazoingia. Zikitoka wati 250 kwenda kwenye antena, wati 146 zinabaki kuwa joto, na lampu inapumua vizuri. Sasa tazama: kifungo cha kulinganisha mawimbi kikisogezwa vibaya, au antena ikianguka, zile wati 396 karibu zote zinaweza kubaki ndani ya lampu iliyoumbwa kutupa 250. FM haipumziki kama sauti ya simu ya upepo. Mawimbi yake yapo muda wote, hata mtangazaji akinyamaza. Ndiyo maana mkono wa mtu hauwezi kuwa ndio ulinzi. Mtu akiona sindano ya kipimo imepanda, akafikiri, akanyoosha mkono, muda umeshapita.

Lampu nyingine zina tabia zilezile kwa tarakimu tofauti. GU-74B ya Urusi, kwa mfano, filamenti yake ni ya volti 12.6 na inataka dakika 2 na nusu za kupashwa moto, wakati 4CX250B inataka sekunde 30 kwa uchache. Someni karatasi ya lampu yenu kabla ya kunakili tarakimu zetu.

Nani awashwe kwanza

Lampu ya gridi mbili ina ugonjwa mmoja mbaya: skrini ikipata volti zake wakati anodi haina kitu, elektroni zote zinazotoka kathodi hukimbilia skrini. Wati 12 zinapitwa mara moja, na lampu inaharibika hata kabla ya kutoa harufu. Kwa hiyo mpangilio wa kuwasha ni sheria, na sheria hiyo isikae kichwani mwa mtangazaji wa zamu. Ikae ndani ya waya.

Hewa huanza kwanza, kisha filamenti. Filamenti ikishapata muda wake, na volti hasi ya gridi ya kwanza ikiwepo (hapa karibu volti 90 chini ya sifuri), ndipo volti kubwa ya anodi inaruhusiwa. Volti kubwa ikishaonekana kweli, ndipo skrini inapewa volti zake 250. Mwisho kabisa emeteri ndogo inaruhusiwa kuleta zile wati 10. Wakati wa kuzima, njia ni ileile kwa kinyume, isipokuwa hewa inaendelea kwa dakika 3 au zaidi.

Neno «ikishaonekana kweli» lina uzito. Si kwamba swichi ya volti kubwa imebonyezwa. Ni kwamba volti zenyewe zimepimwa. Tengeneza mnyororo wa resista 10 za megaohm 1 kutoka kwenye volti kubwa, na chini yake kiloohm 10 kwenda ardhini. Utapata volti 1 kwa kila volti 1,000. Tunatumia 10 na si moja ya megaohm 10, kwa sababu resista ya kawaida haijaumbwa kubeba volti 1,800 mgongoni. Cheche huruka juu ya mwili wake. Ile ya chini uifanye kwa resista mbili za kiloohm 20 sambamba, pamoja na diodi ya zena. Moja ikikatika, volti 1,800 zisije zikashukia kwenye mzunguko wako mdogo na kidole kilicho karibu nao.

Kwa hewa ni hivyohivyo. Usipime kama feni inapata umeme. Feni inaweza kuzunguka vizuri kabisa huku kichujio kimejaa vumbi la barabara na hakuna kinachopita. Weka kibawa chepesi chenye swichi ndogo kwenye njia ya hewa inayotoka, au swichi ya mgandamizo wa hewa. Na feni yenyewe iwe ile ya kusukuma kwa nguvu, yenye umbo la konokono. Zile za kompyuta hazina nguvu ya kupenya mapezi ya lampu hii. Kuna jambo la kwetu hapa. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na vijiji vingi viko juu zaidi. Kwa mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya pwani, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Tarakimu za feni zilizoandikwa kwa usawa wa bahari ziongezwe.

Rele ya idhini

Huu ndio moyo wa somo, tuende polepole.

Chukua rele moja ya volti 12, tuiite rele ya idhini. Ikiwa imevutwa, skrini na volti kubwa zinaruhusiwa. Ikiachia, vyote viwili vinakatwa. Umeme wa kuivuta unapita katika waya mmoja mrefu unaozunguka walinzi wote kwa mfuatano: swichi ya mlango, swichi ya hewa, mguso wa kipima muda, mguso wa volti hasi, miguso ya walinzi wa mkondo, mguso wa mlinzi wa antena. Kila mmoja, mambo yakiwa mazuri, anafunga njia. Mmoja akifungua, rele inaachia.

Kwa nini tusifanye kinyume, yaani mlinzi akiona hatari ndipo apeleke umeme wa kuzima? Kwa sababu panya anaweza kukata waya wa mlinzi huyo, na hutajua hadi siku ya hatari. Katika mpangilio wa kwanza, waya uliokatwa, plagi iliyolegea, koili ya rele iliyoungua, vyote vina matokeo moja: mtambo unazimika. Inaudhi, lakini hakuna anayeumia.

Kisha, rele hiyo ijishike yenyewe. Mguso wake mmoja uwe ndani ya waya uleule, na kando ya mguso huo kuwe na kitufe cha kuwasha. Ukibonyeza kitufe, rele inavutwa, mguso wake unafunga, unaachia kitufe na rele inabaki. Hatari ikitokea hata kwa kufumba jicho, rele inaachia na mguso wake unafunguka. Hatari ikipita, rele hairudi. Mtu lazima aje, aangalie, abonyeze. Mtambo unaojirudisha wenyewe utajirudisha juu ya lampu iliyopasuka, au juu ya fundi aliyeingiza mkono akidhani umezimika.

Sasa ile kazi ya kusema sababu. Kila mlinzi awe na taa yake ndogo inayowashwa na thairista, kwa kuwa thairista ikishawaka hubaki imewaka. Lakini kuna mtego. Skrini ikizidisha mkondo, rele inaachia, volti kubwa inaondoka, na mlinzi wa volti kubwa naye anawasha taa yake. Ukifika unakuta taa tatu, hujui nani alianza. Dawa yake ni rahisi: umeme unaochochea thairista zote upitie mguso mmoja wa rele ya idhini. Rele huchukua karibu milisekunde 10 kuachia. Mlinzi wa kwanza ameshachochea taa yake; wanaochelewa wanakuta njia imefungwa. Taa moja inabaki, nayo ndiyo inayosema ukweli.

Kupima mkondo

Mkondo wa anodi tunaupima upande wa hasi wa volti kubwa, si upande wa juu. Weka resista ya ohm 10 kati ya hasi ya volti kubwa na sanduku la chuma. Kwa miliampia 220 utaona volti 2.2. Tunataka mlinzi aamke kwa miliampia 260, yaani volti 2.6.

Fundi mwingine hutumia transista moja tu, akitegemea kwamba huamka kwa volti 0.6. Inafanya kazi, lakini kizingiti hicho hushuka kwa karibu milivolti 2 kwa kila digrii ya joto. Mchana wa jua mtambo utazimika bila sababu na asubuhi ya baridi utachelewa kuzimika. Sisi tunapendelea kiunganishi cha mwanga, kile kijidude chenye taa na transista ndani ya ganda moja, kama PC817. Taa yake inahitaji karibu volti 1.2, kinachobaki unakirekebisha kwa resista ya kuzungusha hadi iamke mahali unapotaka. Joto likibadilika digrii 15, kizingiti husogea kwa karibu asilimia 1 tu. Na faida kubwa zaidi ni kwamba upande wa volti kubwa na upande wa vidole hauna waya unaouunganisha. Weka pia diodi ndogo kinyume sambamba na taa hiyo.

Resista hiyo ya ohm 10 ikikatika, hasi yote ya volti kubwa inaelea juu ya sanduku. Kwa hiyo ifungie diodi kubwa sambamba, kama 1N5408. Hapa wengi huweka moja, na kipimo hakifanyi kazi tena, kwa sababu diodi moja huanza kupitisha kwa volti 0.7 na kukimeza. Weka 6 kwa mfuatano, zielekee njia ya mkondo wa hitilafu, na moja kwa upande wa pili.

Skrini nayo ipate mlinzi wake, na mimi ningeanza na huyu kuliko wa anodi, kwa sababu mkondo wa skrini ndio unaokimbia kwanza mambo yakiharibika. Wati 12 kwa volti 250 ni miliampia 48. Tuweke kizingiti kwenye 40. Lakini skrini ya lampu hii ina kituko: wakati mwingine mkondo wake hurudi nyuma, ukasukuma volti juu. Hivyo ni lazima iwe na resista ya kudumu kwenda ardhini, ya kiloohm 12 na wati 10, inayonywa karibu miliampia 20. Resista hiyo ifungwe upande wa soketi ya lampu, si upande wa pili wa rele, ili skrini isiachwe ikielea hata sekunde moja. Na kwa kuwa miliampia hizo 20 nazo hupita kwenye resista ya kipimo, kizingiti cha jumla ni 60. Kwa ohm 47 hizo ni volti 2.8. Mzunguko wa kiunganishi cha mwanga unakuwa uleule.

Mawimbi yanayorudi kutoka antena tuyape kizingiti cha wati 25 kwa mtambo wa wati 250. Mashariki ya Congo haina ukame wa radi: katika utafiti wa picha za satelaiti uliotolewa mwaka 2016, eneo la milima ya mashariki mwa nchi yetu lilishika nafasi ya 2 duniani, likiwa na karibu miale 205 kwa kilomita mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Hakuna rele itakayoushinda mwale. Ardhi nzuri chini ya mnara ndiyo kazi yake, na hilo ni somo jingine.

Umeme uliobaki

Tuseme rele imeachia na transfoma haina umeme. Je, sanduku ni salama? La. Kapasita 6 za mikrofaradi 270, volti 450 kila moja, zikifuatana, ni mikrofaradi 45. Kwa volti 1,800 zinashika karibu juli 73, na hizo zinatosha kumwua mtu.

Kila kapasita iwe na resista yake ya kiloohm 47, wati 5 au 7. Kwa hizo, baada ya dakika moja hivi zinabaki volti 12. Lakini resista moja ikikatika, kapasita yake hubaki imejaa peke yake, na kwa nje huoni tofauti yoyote. Kwa hiyo dakika moja haitoshi kuaminiwa. Chukua bomba kavu la plastiki, ncha yake iwe na ndoano ya shaba, na ndoano iunganishwe kwa waya mnene uliofungwa imara kwenye sanduku. Gusa volti kubwa, kisha gusa kila kapasita moja moja, kisha uiache ndoano imening'inia kwenye volti kubwa muda wote unaofanya kazi. Na usifungue sanduku ukiwa peke yako katika nyumba ya redio.

Juli hizo 73 ndizo pia hupasua lampu cheche inaporuka ndani yake, na hapo rele ni mzee sana kukimbia. Weka resista ya waya ya ohm 50, wati 25, kwenye njia ya volti kubwa. Kazi ya kawaida inapoteza volti 11 tu juu yake. Cheche ikiruka, mkondo hauwezi kupita ampia 36, badala ya mamia. Baada yake iwekwe fyuzi ya volti kubwa, ya kweli, iliyoandikwa volti zake; fyuzi ya redio ya gari haikati volti 1,800, huwaka tu kama kibatari.

Umeme unapokatika

Mzunguko wa ulinzi na feni tunaviweka kwenye betri ya volti 12. Umeme ukikatika, lampu bado ina joto kali na feni lazima iendelee.

Lakini betri inaleta jambo linalosahaulika. Umeme ukikatika dakika 10, filamenti imepoa, lakini kipima muda kilicho kwenye betri bado kinakumbuka kwamba muda umeshatimia. Umeme ukirudi, kitaruhusu volti kubwa juu ya kathodi baridi. Kwa hiyo kipima muda kiangalie filamenti, si betri: rele ndogo inayovutwa na umeme wa filamenti ndiyo ikipe ruhusa, na ikiachia, mguso wake uimwage kapasita ya muda kupitia ohm 100. Kwa 555 ya kawaida, megaohm 1 na mikrofaradi 100 hutoa karibu sekunde 110, zaidi ya zile 30 zinazotakiwa. Hatuna haraka.

Isinyamaze kabisa

Sasa turudi kwa familia zilizofunga mizigo. Rele ya mawimbi inayoingiza amplifaya kwenye njia ya antena ipangwe hivi: ikiwa imelala, emeteri ndogo imeunganishwa moja kwa moja na antena, ikiwa imevutwa, amplifaya imeingia katikati. Hitilafu yoyote ndani ya amplifaya, rele inalala na redio inabaki hewani kwa wati 10. Nguvu imepungua mara 25, lakini mawimbi yanayofika kwenye redio ya msikilizaji yamepungua mara 5 tu. Vijiji vya mbali vitaipoteza. Mji na vijiji vya karibu vitaendelea kusikia, na mtangazaji anaweza kusema: «Tumepunguza nguvu kwa sababu feni ya mtambo imesimama, fundi yuko njiani.»

Mambo mawili yaangaliwe. Rele ya mawimbi isihame wakati mawimbi yanapita, kwa sababu itaungua midomo. Inyamazishe emeteri kwanza, subiri sehemu ya kumi ya sekunde, hamisha, kisha iruhusu tena. Na kama taa iliyowaka ni ya antena, emeteri ibaki kimya, kwa sababu wati 10 nazo zinarudi.

Kipande cha waya

Hapa ndipo tunazihitaji kamati. Mlinzi mkali hukasirisha. Mawimbi ya FM yakiingia kwenye nyaya za ulinzi, mtambo utazimika ovyo mara tatu kwa siku. Hilo ni kosa la ujenzi, na dawa yake ni kapasita za nanofaradi 1 kwenye kila waya unaoingia sandukuni, pamoja na pete za feriti. Lakini kabla fundi hajafika kulitibu, mwami yuko studio, wajumbe wa pande mbili za mgogoro wako studio, matangazo yamebaki dakika 5, na kuna mtu anajua kwamba kipande cha waya juu ya swichi ya mlango kitamaliza shida. Ninamwelewa mtu huyo. Mara nyingi anafanya kwa kuipenda redio. Tena waya huo hautoki. Utakutwa pale na fundi mwingine, mwezi wa sita, mkono wake ukiwa ndani.

Kwa hiyo kamati iandike mapema, siku isiyo na joto: nani ana haki ya kubonyeza kitufe cha kurudisha, na mara ngapi. Pendekezo letu ni mara moja. Ikizimika tena kwa taa ileile, redio inabaki kwenye wati 10 hadi fundi aje, hata kama studio kuna mgeni mkubwa. Na pawe na daftari: saa, taa iliyowaka, jina la aliyebonyeza. Baada ya miezi michache daftari hilo litamwonyesha fundi ugonjwa wa mtambo kuliko kipimo chochote. Siku watu wakiuliza kwa nini redio ilipungua nguvu jioni ya uchaguzi, kamati itakuwa na jibu lililoandikwa.

Kujaribu kabla ya volti kubwa

Plagi ya transfoma kubwa iwe imetolewa ukutani na mtu ameishika mkononi. Rele ya idhini ikiwa imevutwa kwa betri, fungua mlango: iachie. Ziba hewa kwa katoni: iachie. Chomoa volti hasi: iachie. Kwa mkondo wa anodi, tumia betri ya volti 12 na resista ya kuzungusha ya ohm 50, wati 10, ukianzia ohm 50, kupitisha mkondo katika ile ya ohm 10 huku ukiangalia upande wa chanya na hasi. Shuka polepole, na karibu na ohm 36 utakuwa na miliampia 260. Hapo taa ya anodi iwake, nyingine zisiwake. Rudieni majaribio haya kila mwezi, na kila mara sanduku linapofunguliwa.

Maswali kwa kikundi

1. Katika mtambo wenu, waya wa swichi ya hewa ukikatwa na panya leo usiku, nini kitatokea kesho asubuhi? Mmejaribu, au mnadhani?

2. Redio yenu ikinyamaza saa moja jioni, watu wa kijiji cha mbali watapata habari ya sababu kwa njia gani, na kutoka kwa nani?

3. Nani katika kamati anaweza kumwambia mgeni mkubwa kwamba matangazo yake yatakwenda kwa wati 10?

4. Fundi wenu anafungua sanduku akiwa na nani?